Kisu cha kukunja cha kazi nzito: tuanze na chumvi, bei ifuate

Swali hili nimeulizwa mara nyingi na wavuvi, mabaharia na mafundi wa stima: mtu atapataje kisu cha kukunja kilicho imara, chenye chuma cha daraja la juu, bila kumaliza mshahara wa mwezi? Kinapatikana. Lakini anayeanza kwa kutafuta jina la chuma lililo ghali kuliko yote ataishia kununua kisu kilichoundwa kwa ajili ya mtu wa bara kavu, aje nacho huku kwenye upepo wa chumvi kisha ashangae mbona kimeota madoa.

Wazee wetu walijua kwamba vyuma havilingani. Kilichokubali makali waliita pua, na kilicho bora kabisa, cha kufulia upanga, wakakiita feleji. Watengenezaji wa leo wanafanya kazi ileile ya kupanga madaraja, ila wao wanatumia herufi na namba: D2, 8Cr13MoV, 14C28N, S30V. Usitishwe nazo. Ukijua viungo vichache vinavyotiwa ndani ya chuma, nusu ya fumbo imefumbuka.

Kaboni, kromiamu na maji chumvi

Kaboni ndiyo inayokipa chuma ugumu wa kushika makali. Kromiamu ndiyo inayozuia kutu: hutandaza ngozi nyembamba isiyoonekana juu ya chuma, na ngozi hiyo ikikwaruzwa hujirudi yenyewe. Vanadiamu hutengeneza chembe ngumu sana ndani ya chuma, kwa hiyo makali huchelewa kwisha. Mtu angedhani basi ni suala la kuongeza kila kiungo, mambo yaishe. Taabu ni kwamba kaboni ina tabia ya kuikamata kromiamu na kujifungia nayo ndani ya chembe hizo ngumu, na kromiamu iliyofungiwa haizuii kutu tena.

Mfano mzuri ni D2, chuma kilichokusudiwa zana za viwandani, ambacho siku hizi ndicho kinachojaa kwenye visu vya bei nafuu vinavyotangazwa kuwa vya daraja la juu. Kina kaboni ya asilimia 1.5 hivi na kromiamu ya asilimia 12 hivi. Ukiisoma namba hiyo ya kromiamu pekee utadhani hakishiki kutu. Kumbe sehemu kubwa ya kromiamu yake imeshikwa na kaboni. Kwa seremala wa Nairobi anayekata maboksi na mbao kavu, D2 ni chuma kizuri na makali yake yanadumu. Kwa mtu anayepasua changu na kukata kamba iliyolowa maji ya bahari, mimi sikipendekezi, hata kikiwa cha bei ya kuvutia.

Chumvi ya bahari haifanyi kazi kama maji ya mvua. Huitoboa ile ngozi ya kromiamu mahali padogo padogo, na kutu huzama ndani kwa vitundu mfano wa kuchomwa sindano. Ukiona kitundu kimoja kwenye makali, ujue hapo makali yamekwisha kuvunjika, hata kama sehemu iliyobaki inang'aa kama kioo.

Sasa linganisha na 14C28N, chuma cha kampuni ya Sandvik ya Sweden, ambayo kitengo chake cha zamani cha vyuma hivi sasa ni kampuni inayojitegemea iitwayo Alleima. Kina kaboni ya asilimia 0.62 tu, kromiamu asilimia 14, na naitrojeni kidogo, asilimia 0.11. Kaboni ni chache, kwa hiyo kromiamu inabaki huru kufanya kazi yake. Naitrojeni inasaidia ugumu na wakati huohuo inazidi kuzuia kutu. Makali yake hayadumu kama ya D2, lakini yananoleka haraka na kuwa makali kweli kweli. Ndugu yake mkubwa, 12C27, naye hafichi aibu. Ukiniuliza feleji ya mtu wa Pwani mwenye bajeti ndogo ni ipi, nitakutajia hivi viwili kabla ya chochote chenye jina kubwa.

Kati ya hivyo na D2 kuna 8Cr13MoV cha China, chenye kaboni ya asilimia 0.8 hivi na kromiamu ya asilimia 13 hivi. Kinatosha, alimradi mwenyewe si mvivu wa kukisuuza.

Vile vya ghali vina nini

Chuma cha kawaida husubiwa kikiwa uji wa moto, na kinapopoa polepole zile chembe ngumu hukua na kujikusanya mafungu mafungu. Kwenye vyuma vya unga, uji huo hupulizwa kwa gesi ukawa vumbi laini, kisha vumbi likashindiliwa kwa joto na kani kubwa mpaka likawa kipande kimoja. Chembe zinabaki ndogo na zimetawanyika sawasawa, hata ukitia vanadiamu nyingi chuma hakiwi chepesi kumeguka. Kazi hiyo ina gharama, na gharama hiyo unailipa wewe.

Kilichojulikana zaidi katika kundi hili ni S30V, kilichotoka mwaka 2001 kwenye kiwanda cha Crucible cha Marekani. Aliyeshiriki kukibuni ni Chris Reeve, mtengenezaji visu mzaliwa wa Afrika Kusini aliyehamia jimbo la Idaho. Kisu chake mashuhuri kinaitwa Sebenza, na Mswahili hahitaji kutafsiriwa sana: ni neno la Kizulu la kufanya kazi. Bei yake hupita dola 400, kazi gani hiyo sijui.

Kasoro ya vyuma vya namna hii kwetu si bei ya kununua peke yake. Chembe za vanadiamu ni ngumu kuliko kinoo cha kawaida kinachouzwa madukani. Utasugua mpaka mkono uchoke, makali yasirudi vizuri, kwa sababu kinoo kinakula chuma kilichozunguka chembe na kuziacha chembe zenyewe. Kinachotakiwa ni kibao cha almasi. Mvuvi wa Kiunga au Vanga ambaye kinoo chake ni jiwe alilorithi, au ukingo wa ngazi ya saruji, kisu cha S30V kikishamwishia makali amebaki na kipande cha chuma cha ghali.

Hata hivyo nisiwadharau wote. MagnaCut, chuma kilichobuniwa na Mmarekani Larrin Thomas na kutolewa mwaka 2021, kina kromiamu ya asilimia 10.7 tu, lakini kinastahimili kutu kuliko S30V chenye asilimia 14. Siri ni ileile: kilipangwa hivi kwamba kromiamu isikamatwe na kaboni. Na kwa baharia kuna H1, chuma cha Japani chenye kaboni ndogo mno, asilimia 0.15, ambacho kampuni ya Spyderco ilikitia kwenye visu vyake viitwavyo Salt. Hicho na mrithi wake H2, pamoja na LC200N, unaweza kusema havijui kutu. Visu hivi aghalabu vinafika au kupita dola 100. Kama mtu amejaliwa pesa ya kununua kisu kimoja tu cha ghali maishani mwake, na maisha yake yako majini, aende huku, asiende kwenye S30V.

Kuna jambo moja ambalo jina la chuma halikwambii, nalo ni moto. Chuma kizuri kikipashwa moto vibaya na kupozwa vibaya hushindwa na chuma duni kilichopata fundi. Kisu cha Buck 110, kinachotengenezwa Marekani tangu mwaka 1964, hutumia chuma cha 420HC, ambacho kaboni yake haifiki hata nusu asilimia. Kwenye karatasi ni chuma cha kawaida kabisa, lakini kampuni hiyo imejijengea heshima kwa namna inavyokitia moto, na watu hurithishana visu hivyo. Kwa hiyo mtu akikuletea kisu kisicho na jina la mtengenezaji, kimepigwa muhuri wa S30V, na anakiuza dola 25, jiulize faida yake inatoka wapi.

Kipimo cha ugumu kinaitwa Rockwell, na kampuni zinazojiheshimu hukitaja. Kati ya 58 na 60 ndiyo wastani mzuri wa kisu cha kazi. Cha 56 kinalainika upesi lakini kinanoleka hata kwa kinoo kibovu. Kinachopita 61 kinashika makali, ila ukikipinda kwenye mfupa wa papa kinaweza kumeguka.

Komeo ndilo linalolinda vidole

Watu hubishana kuhusu chuma usiku kucha na hawaulizi kabisa kuhusu komeo, yaani kile kinachokizuia kisu kisijifunge mkononi. Mimi naliweka mbele ya chuma. Kisu kilichokwisha makali kinakupotezea muda. Kisu kilichojifunga ghafla wakati unakazana kukata kamba nene kinashuka kwenye vidole vinne, na upande wa ndani wa vidole ndiko zinakopita kano za kuvikunja. Kano ikikatika kidole hakikunjiki mpaka upasuaji, na mvuvi asiyeweza kukunja vidole havuti mshipi wala nyavu.

Yapo makomeo ya namna nyingi, nitataja yanayopatikana. La mgongoni, kama la Buck 110, unalifungua kwa kubonyeza nyuma ya mpini. Ni imara, lakini uchafu na magamba ya samaki yakijaa kwenye pengo lake halishiki mpaka mwisho. La bamba la ndani ni ukanda wa chuma unaoruka na kukaa nyuma ya bapa kisu kinapofunguka. Ni jepesi na rahisi kutengeneza, ndiyo maana limejaa kwenye visu vya bei nafuu. Likiwa nene na likikaa sawasawa ni zuri, likiwa jembamba kama kifuniko cha mkebe, kiache. Namna yake yenye nguvu zaidi ni pale ambapo upande mzima wa mpini ndio komeo, ubunifu wa huyohuyo Reeve wa Sebenza.

Kwa kazi ya sulubu hasa, ninalolipenda ni lile la Cold Steel linaloitwa Tri-Ad. Ni komeo la mgongoni lililoongezewa pini ya kubeba uzito, kwa hiyo nguvu ya mkono haiangukii pini ya bawaba peke yake. Na la mwisho ni pete ya Opinel, kisu cha Wafaransa wa Savoie kilichoanza mwaka 1890. Pete hiyo, iliyoongezwa mwaka 1955, unaizungusha kwa kidole na kisu kinakaa. Haina springi wala ukanda wa kuchoka.

Nini cha kununua kwa pesa gani

Nitahesabu dola kwa shilingi 130 hivi, ushuru na nauli ya mzigo mbali. Kumbuka VAT yetu ni asilimia 16.

Kwa chini ya shilingi 3,500, Opinel namba 8 au namba 10 ya Inox ndiyo ninayoishauri kwanza. Hakikisha bapa lina maandishi ya INOX, kwa sababu ile ya Carbone hugeuka nyekundu ukiitazama tu. Inox yao ni namna ya kile chuma cha 12C27. Bapa la namba 8 lina sentimita 8.5, la namba 10 lina sentimita 10. Bapa ni jembamba, nalo hupita kwenye samaki vizuri kuliko visu vinene vya mara tatu ya bei yake. Aibu yake ni mpini wa mti: ukinywa maji hufura, na kisu kikagoma kufunguka. Paka mpini mafuta ya kitani mara kadhaa kabla hujakitia kazini, hasa kwenye ule mwanya wa bapa. Sikiiti kisu cha sulubu, lakini kazi nyingi tunazoziita za sulubu hazihitaji zaidi ya hapo.

Ukipanda mpaka shilingi 5,000 hadi 6,000 hivi utakutana na visu vya Ruike vya China vyenye 14C28N, na baadhi ya vile vya Kershaw vya chuma hichohicho. Vilevile RAT Model 1 ya Ontario, kisu kikubwa kinachojaa kiganja na kisichojivuna. Hicho kimetolewa kwa D2 na kwa AUS-8. Huko ughaibuni watu hukimbilia D2. Mtu wa huku atafute AUS-8, chuma cha Kijapani kisichoshika kutu upesi.

Karibu na shilingi 9,000 kuna Voyager ya Cold Steel, yenye lile komeo la Tri-Ad na chuma cha AUS-10A. Kwa maneno ya swali nililoulizwa, kazi nzito na chuma kizuri kwa bei ya kadiri, hapa ndipo ningesimama. Mpini wake ni plastiki ngumu yenye nyuzi za kioo, haufuri, hauozi na hauponyoki mkononi ukiwa na utelezi wa samaki.

Ukiwa dukani, au mzigo ukifika, kifungue kisu, shika bapa kwa kitambaa ulitikise juu na chini, kisha kushoto na kulia. Cheza ndogo ya pembeni hutibika kwa kukaza skurubu. Cheza ya juu na chini haitibiki, mrudishie mwenyewe. Kikiwa wazi, vidole vikiwa mbali na njia ya makali, gonga mgongo wa bapa polepole kwenye ukingo wa meza ya mbao mara tatu nne. Komeo likiachia, usikubali hata ukipewa bure.

Usidanganyike na sumaku. Wapo wanaoamini kwamba chuma kisichoshika kutu hakivutwi na sumaku. Hiyo ni kweli kwa sufuria nyingi na masinki, si kwa visu. Chuma cha kisu chenye ugumu wa kufaa huvutwa, kiwe cha kutu au kisicho cha kutu. Muhuri wa "440" bila herufi mbele yake mara nyingi humaanisha 440A, kilicho laini kuliko 440C. Maneno ya "chuma cha hospitali" hayana maana yoyote. Na mawimbi mazuri ya Damasko kwenye kisu cha bei ya chai huwa ni picha iliyochorwa kwa tindikali, ukikinoa yanaondoka.

Kabla ya kununua, jiulize pia kama lazima kikunjike. Kuchokoa, kubandua na kugongelea nyundo ni kazi zinazokiua kisu cha kukunja, kiwe cha chuma gani. Dafu lina panga lake, nazi ina kifuo, mgema ana kotama. Kwa mtu wa nyumbani au wa karakana, fundi anayefua visu kutoka springi za gari atakupa kisu kisichokunjika chenye nguvu kuliko chochote nilichokitaja, kwa bei ndogo. Kitashika kutu, hilo lazima, lakini kutu ya juu juu ya chuma cha springi husuguliwa ikaondoka.

Kukitunza na kusafiri nacho

Kwenye kisu cha kukunja kutu haianzii kwenye bapa. Huanzia ndani, kwenye pini ya bawaba na skurubu, kwa sababu mtengenezaji aliyetoa pesa kwa bapa mara nyingi amebana kwenye skurubu. Ukitoka baharini kisuuze kwa maji matamu kikiwa wazi, kikung'ute, kianike kivulini, kisha tia tone moja la mafuta ya cherehani kwenye bawaba na ukifungue na kukifunga mara kadhaa. Kwenye bapa paka mafuta ya nazi, hayo ni salama kwa chakula. Usikirudishe kwenye ala ya ngozi kikiwa na unyevu, ngozi inashika chumvi na kuilisha chuma usiku kucha.

Kukinoa, kinoo cha pande mbili, upande wa mchanga mkubwa na upande laini, kinatosha kwa vyuma nilivyovisifia. Shika pembe moja tangu shina la bapa mpaka ncha, usiibadilishe njiani. Malizia kwa kupitisha makali kinyumenyume juu ya mkanda wa ngozi uliozeeka, mara kumi kila upande.

Wengi watapata visu hivi kupitia jamaa walioko Dubai, Muskati au Ulaya. Mwambie jamaa yako akiweke kwenye begi linaloingia tumboni mwa ndege, asikibebe mkononi, kitachukuliwa. Kwenye treni ya Nairobi mabegi hukaguliwa pale Miritini na visu haviruhusiwi, kwa hiyo usifike nacho mfukoni ukategemea kubembeleza. Sheria ya Kenya pia inakataza kuingia na silaha kwenye mikutano ya hadhara na maandamano, na askari hatakuuliza kama chako ni cha samaki. Kijana anayekwenda mjini Ijumaa jioni na shati safi hana cha kukatia. Kisu kikae kwenye mkoba wa vifaa, pamoja na nyavu au bisibisi.